Alama fiche ndani ya wimbo: inaweza kunionyesha aliyevujisha na kuthibitisha kwamba kazi ni yangu?

Kinubi

Wakuu, habari za kazi.

Natunga na kurekodi muziki wa utulivu: gitaa kavu, sauti moja ya kuongoza, wakati mwingine waitikiaji. Kabla wimbo haujatoka, lazima upite mikononi mwa watu. Mpiga besi anataka nakala ya kufanyia mazoezi, anayetengeneza video anataka yake, fundi wa masta (anayeukamilisha wimbo kabla haujatoka) yake, na watangazaji kadhaa hutumiwa mapema ili wajipange. Wimbo wangu wa mwisho umetokea mtandaoni kabla ya siku yake, kwenye akaunti nisiyoifahamu. Umepewa jina jingine na kasi imeongezwa kidogo. Kila niliyemtumia anasema si yeye. Nawaamini, na hapo ndipo panaponiuma. Nikikaa kimya, kila mmoja namtazama kwa jicho la shaka. Nikizidi kuuliza, nitavunja urafiki wa miaka.

Nimesikia kwamba inawezekana kuficha alama ndani ya sauti yenyewe, tofauti kwa kila nakala, ili wimbo ukivuja ujulikane umetokea kwa nani. Naomba mwenye kuifahamu kazi hii anisaidie. Inasikika? Muziki wangu una ukimya mwingi, hakuna ngoma ya kufunika kitu. Inabaki baada ya kugeuzwa MP3, au mtu akirekodi kwa simu kutoka kwenye spika? Halafu kubwa zaidi: naweza kuipeleka kwa wakili au kwa mtandao uliopandisha wimbo huo na kusema, tazameni, huu ni wangu?

Mdundo_Mzito

Pole kaka. Mimi huwa naandika jina langu, mwaka na namba ya ISRC kwenye taarifa za faili kabla sijatuma popote. Akiiba, ushahidi upo ndani ya faili. Haina gharama na haigusi sauti. Sidhani unahitaji kwenda mbali zaidi ya hapo.

Zai_Masta

Kinubi, pole sana. Mimi ni fundi wa masta, na nakala za kabla ya kutoka ndizo kazi yangu ya kila siku, kwa hiyo nitakujibu kwa kirefu.

Nianze na alichosema Mdundo_Mzito, kwa heshima zote. ISRC iwekwe, tena isisahaulike, maana ndiyo inayotambulisha rekodi yako wakati wa kuhesabu mirabaha. Lakini herufi na tarakimu zile 12 zimekaa pembeni ya sauti, si ndani yake. Mtu akigeuza faili kutoka aina moja kwenda nyingine, huweza kupotea; akirekodi tu kinachotoka kwenye spika, hazipo tena. Isitoshe, ISRC ni ileile kwenye kila nakala. Hata ikibaki, itakwambia ni wimbo gani, haitakwambia nakala hiyo alipewa nani.

Kuna jambo jingine watu hulichanganya na alama fiche, nalo ni utambuzi wa wimbo kwa sura yake, kama wanavyofanya Shazam, au Content ID ya YouTube iliyoanza 2007. Pale hakuna kinachoongezwa kwenye wimbo. Programu inachukua sura ya sauti, inaihifadhi, kisha inalinganisha. Ni njia nzuri ya kuukamata wimbo ulioibwa, na ukiweza kuingizwa kwenye mfumo huo, ingia. Ila nakala ya mpiga besi na nakala ya mtangazaji zina sura moja, kwa hiyo swali lako la kwanza halijibiki.

Alama fiche ni kitu kinachoongezwa ndani ya mawimbi yenyewe. Wazo hili ni la zamani kuliko kompyuta za mezani. Mwaka 1954 Emil Hembrooke wa kampuni ya Muzak aliomba hataza, akaipata 1961, ya kuutia muziki msimbo wa Morse kwa kukata kipande chembamba cha masafa karibu na Hz 1,000, kwa muda mfupi au mrefu kidogo. Msikilizaji anaendelea na muziki wake, mashine inasoma ni mali ya nani. Napenda kuwakumbusha watu habari hii kwa sababu tatizo lilikuwa hilihili: unagusa sauti, lakini kwa kiasi ambacho sikio linasamehe.

Sasa, sikio linasamehe wapi? Sauti yenye nguvu huifunika ile dhaifu iliyo karibu nayo kimasafa. Na baada ya pigo kali, sikio hubaki zito kwa muda, hadi kama milisekunde 200. Kabla ya pigo uzito huo ni wa milisekunde chache tu. Humo ndimo alama inamojificha. Tatizo ni kwamba waliotengeneza MP3 wanajua siri hiyohiyo, na wao wanaitumia kutupa kila ambacho sikio halikisikii. Kwa hiyo, ukificha alama mahali pasiposikika kabisa, MP3 itaifagia. Chukua njia rahisi kuliko zote: sauti ya CD ina sampuli 44,100 kwa sekunde, kila moja ya biti 16, basi unaandika ujumbe wako kwenye ile biti ya mwisho kabisa. Hakuna binadamu atakayesikia. Na hakuna ujumbe utakaobaki baada ya kubanwa mara moja.

Alama ya kudumu inabidi ikae pale ambapo muziki wenyewe umekaa, kwenye masafa ya kati ambayo hakuna mtu anayeweza kuyatupa bila kuuharibu wimbo. Iwe ndogo mno, na itapakazwe juu ya masafa mengi kwa muda mrefu. Mtafiti Cox na wenzake waliliandika hilo vizuri mwaka 1997: alama ni kama kelele hafifu inayotokana na ufunguo wa siri. Mwenye ufunguo anajumlisha chembe zote na ujumbe unajitokeza. Asiye nao anaona kelele tu. Mwaka mmoja kabla yao, watafiti wa chuo cha MIT cha Marekani walikuwa wameonyesha njia ya mwangwi: unaongeza mwangwi wa karibu milisekunde moja, ucheleweshaji mmoja ukisimama badala ya 0 na mwingine badala ya 1. Sikio linaupokea kama rangi ya chumba.

Kuhusu gitaa lako, hofu yako ni ya kweli na usimruhusu mtu yeyote akwambie vinginevyo. Ngoma na magitaa yaliyojaa vinafunika karibu kila kitu. Noti moja ya gitaa kavu inayofifia haifuniki chochote. Nimeshasikia alama ikiwa imetiwa kwa nguvu kupita kiasi kwenye piano ya peke yake: kwenye mkia wa noti kulikuwa na chakarachakara, kama mchanga unaoviringishwa kwenye karatasi, na pumzi ya mwimbaji ilikuwa inatetemeka. Mpiga piano yule alikuwa amefanya kazi ya miaka kuufanya mkia ule ufe taratibu. Kwangu mimi huo ni uharibifu, hata kama msikilizaji wa kawaida hakuutambua.

Kwa hiyo fanya hivi. Tia alama kwa nguvu ya kawaida ya programu, kisha vaa hedfoni nzuri, usikilize mikia ya noti na pumzi tu, acha sehemu zenye kelele. Ukisikia kitu, punguza. Mwombe mtu akupangie nakala mbili, yenye alama na isiyo nayo, bila kukuambia ipi ni ipi, maana ukijua alama ipo utaisikia hata isipokuwepo. Unaweza pia kugeuza wimbi la nakala ya awali juu chini ukalijumlisha na lenye alama. Kitakachobaki ndiyo alama yenyewe. Usitishike ukiisikia ikiwa peke yake. Swali ni kama inasikika ndani ya wimbo.

Programu ninayoitumia kwa nakala za namna yako ni audiowmark. Ni huria na ni ya bure, unaiendesha kwa kuandika amri. Inabeba ujumbe wa biti 128, yaani herufi na tarakimu 32, na inatumia ufunguo unaouunda wewe mwenyewe. Kuisoma alama hakuhitaji wimbo wa awali, inatosha nakala uliyoikuta na ufunguo. Ujumbe unarudiwarudiwa ndani ya wimbo, kwa hiyo kipande kirefu kinasomeka vizuri kuliko cha sekunde chache.

Umesema kasi iliongezwa. Huo ni ujanja wa kweli, na mara nyingi huua alama kuliko MP3 yenyewe. Msomaji wa alama, yaani ile programu, anatafuta chembe kwenye nyakati na masafa maalumu; ukisogeza kasi, kila chembe imehama na yeye anasoma pengo. Alama haijafutika, ila msomaji amepotea njia. Audiowmark ina chaguo la kukisia kwanza kasi ilibadilishwa kwa kiasi gani, halafu ndipo isome. Inachukua muda zaidi lakini hufanya kazi. Kurekodi kwa simu kutoka kwenye spika ni kugumu zaidi: chumba kinaongeza mwangwi wake, simu inakata masafa. Jaribu mwenyewe kwenye wimbo wako, kwa nguvu ya alama uliyoichagua, kabla hujamtumia mtu. Jaribio la wimbo wa mtu mwingine halikuhusu.

Sasa lile swali kubwa. Hapana, alama peke yake haithibitishi kwamba wimbo ni wako. Mwaka 1998 watafiti Craver, Memon, Yeo na Yeung walieleza kwa nini. Mwizi anachukua nakala yako, anatengeneza alama yake mwenyewe, na badala ya kuiongeza, anaitoa. Kinachobaki anakiita wimbo wake wa awali. Sasa ukipima nakala iliyoko mtandaoni unakuta alama yako na ya kwake pia, na yeye ana "wimbo wa awali" wa kuonyesha. Nani wa kwanza? Alama haisemi.

Linalojibu swali la nani wa kwanza ni vitu vyenye tarehe ambayo wewe huwezi kuichezea. Hifadhi rekodi ghafi za kila ala, zile zenye makosa na kikohozi na "tuanze tena", na faili la mradi mzima. Nani atakuwa na kikohozi chako kabla ya mstari wa pili? Zipige muhtasari wa SHA-256, unapata mfuatano wa herufi na tarakimu 64 ambao hubadilika kabisa hata ukigusa biti moja, kisha muhtasari huo uwekewe muhuri wa muda na mtu wa tatu. Haki yako kwa Mkataba wa Berne, ule wa kimataifa wa hakimiliki, haisubiri usajili, lakini usajili na kile chama chako cha hakimiliki hurahisisha mabishano. Na fanya yote hayo kabla ya kutuma nakala ya kwanza.

Niseme na msimamo wangu. Naitia alama kwenye nakala za kabla ya kutoka tu. Nakala ya kutolewa kwa umma, ile itakayobaki miaka yote, siitii. Msikilizaji hakumwibia mtu kitu, anastahili kuusikia wimbo kama ulivyoukubali studio.

Nambari_Tasa

Dada Zai amemaliza karibu yote. Naongeza upande wa usalama, maana mimi ni mwandishi wa programu na hili nimelifuatilia kwa muda.

Kinubi, usimtumie mtu mmoja nakala yenye alama na isiyo na alama ya miksi ileile. Mwaka 1998 kampuni za muziki na za teknolojia ziliunda muungano ulioitwa SDMI, ili muziki wa kidijitali uwe na alama ambayo vifaa vyote vingeitii. Septemba 2000 waliutangazia umma: jaribuni kuzivunja. Kila mshiriki alipewa wimbo usio na alama, wimbo uleule wenye alama, na wimbo mwingine wenye alama ambao ndio alitakiwa kuusafisha. Edward Felten wa Chuo Kikuu cha Princeton na wenzake, akiwemo Craver huyohuyo aliyetajwa hapo juu, walilinganisha zile mbili za kwanza na tofauti ikawafungulia mlango. Mojawapo ya alama waliitambua kuwa ya mwangwi. Walikataa zawadi kwa sababu ilidai wakae kimya. Aprili 2001 waliiondoa makala yao kwenye mkutano baada ya kupokea barua ya vitisho vya kisheria, na Agosti mwaka huohuo wakaiwasilisha kwenye mkutano wa USENIX wa wataalamu wa usalama wa kompyuta. Udhaifu mwingine wa mpango wa SDMI ni kwamba kisomaji cha alama kingekuwa ndani ya kila kifaa sokoni. Mshambuliaji mwenye kisomaji anajaribu, anapima, anajaribu tena, hadi kiseme hakuna alama. Cha kwako, kwa hiyo, kikae kwako na ufunguo ukae kwako.

Jambo la pili. Wapokeaji wawili wakikutanisha nakala zao wakazichanganya nusu kwa nusu, alama zote mbili zinadhoofika. Kuna misimbo iliyobuniwa kwa ajili hiyo, watafiti Boneh na Shaw walianza miaka ya 1990, Tardos akaiboresha 2003, lakini inahitaji ujumbe mrefu na wimbo mrefu. Kwa watu wachache unaowafahamu usijisumbue nayo.

Kinubi

Dada Zai, kaka Nambari, nawashukuru sana. Nimesoma mara mbili. Nimeiweka audiowmark na kuujaribu wimbo mmoja wa zamani. Kwa nguvu ya kawaida nilihisi kitu kwenye mkia wa noti ya mwisho, nikapunguza, kikatoweka. Baada ya MP3 bado inasoma. Kwa simu kutoka kwenye spika, kwa nguvu hiyo ndogo, inasoma mara nyingine na mara nyingine haisomi.

Nina mawili ya kumalizia. Moja: siku alama ikisoma jina la mtu, nifanye nini? Pili: mtu mmoja chini ya wimbo ule ulioibwa ameandika kwamba huu ni muziki wa akili mnemba, hauna mwenyewe. Hilo limeniuma kuliko wizi. Kuna alama ya kuonyesha kwamba nimepiga kwa vidole vyangu?

Zai_Masta

Kinubi, alama ikisoma jina la mpiga besi, inasema nakala iliyovuja ni ile uliyompa yeye. Haisemi yeye ndiye aliyeivujisha. Huenda alimpa ndugu yake asikilize garini, huenda simu iliibwa, huenda kompyuta ya studio anayofanyia mazoezi haina nywila. Kwa hiyo mpigie simu kwanza, umweleze ulichokikuta, umsikilize. Usiandike mtandaoni. Nimeona alama ikisomwa sawasawa kabisa na bado mtu akaonewa. Na waambie wote mapema kwamba kila nakala ina alama yake. Hilo ni haki yao kulijua, na linawafanya waitunze kama mali yao.

La akili mnemba, alama zinafanya kazi kwa upande mwingine. Google walianza kuitia alama yao ya SynthID kwenye sauti zinazotengenezwa na mfumo wao wa Lyria mwaka 2023, na Meta walitoa AudioSeal 2024, inayoweza kuonyesha ni kipande gani cha rekodi kimetengenezwa na mashine. Zikikutwa, zinasema sauti hii imetoka kwenye mashine fulani. Zisipokutwa, hazithibitishi chochote, kwa sababu mashine nyingine hazitii alama. Hakuna alama ya vidole vya binadamu, mdogo wangu. Kinachokutetea ni zile rekodi ghafi: ulikosea wapi, ulirudia wapi, kidole kilikwaruza uzi wapi. Pandisha dakika moja ya hizo chini ya maneno ya yule bwana. Video ya kipindi cha kurekodi ikiwepo, bora zaidi.

Nambari_Tasa

Naunga mkono hilo la rekodi ghafi. Na kwenye simu na spika, usipandishe nguvu ili kupata alama isiyoshindwa. Anayevujisha wimbo mzima kwa kawaida anatuma faili lenyewe, harekodi kwa simu.

Kinubi

Nimeelewa. Wimbo unaofuata unakwenda kwa masta karibuni. Alama itiwe lini, kabla ya masta au baada?

Zai_Masta

Baada, iwe hatua ya mwisho kabla ya kubana. Ukiitia kabla, limita yangu (inayozuia vilele vya sauti) na ikwalaiza (inayopanga nguvu za masafa) vitaisukuma huku na kule, na kile ulichokiangalia kwenye mikia ya noti hakitakuwa kile kinachotoka. Niambie nikuachie desibeli moja juu, maana alama huongeza vilele kidogo na usingependa vigonge dari. Kama nakala itakuwa ya kHz 48, yaani sampuli 48,000 kwa sekunde, kwa ajili ya video, badilisha kwanza, ndipo utie. Mimi nitakupa WAV (faili la sauti lisilobanwa) moja safi isiyo na alama, usiitume kwa mtu yeyote. Kutoka kwenye hiyo unatengeneza moja moja: unatia alama, unaisoma hapohapo kuhakikisha, unaibana iwe MP3, unaisoma tena, halafu unaandika kwenye daftari jina, tarehe na zile herufi 32. Daftari na ufunguo visikae kwenye kompyuta moja na nyimbo.